Ni mimi niliyempikia

Swali la 47 katika dodoso langu lilikuwa jepesi kuliko yote: "Mahindi mliyokula mwaka jana mliyahifadhi wapi?" Kufikia siku ile nilikuwa nimeshaliuliza kwenye kaya nyingi, na majibu nilikuwa nayajua kabla hayajatoka mdomoni. Kwenye kihenge. Kwenye magunia chumbani. Darini, juu ya jiko. Unatia alama ya vema kwenye kisanduku, unafunua ukurasa.

Kijiji kilikuwa ndani kidogo kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mimi na mhudumu wa afya wa kijiji tulikaa kwenye vigoda chini ya mwarobaini, mama mwenye nyumba yuko kwenye mkeka anapeta. Umri wake sitini na kitu. Mumewe alikuwa amezikwa miezi minne nyuma. Kwenye fomu yangu mzee yule alikuwa namba, na mbele ya namba pameandikwa neno moja: ini.

"Magunia," alinijibu. "Chumbani, tumeyapanga chini." Kisha ungo ukasimama. "Mwanangu, mbona unaniuliza mahindi? Mzee wangu kaondoka kwa ini."

Hapo nilivunja kanuni ya kazi. Mdadisi haelezi dhana yake katikati ya mahojiano, maana ukishamwambia mtu unachokitafuta, majibu yanayofuata yanakuwa yako wewe, si yake. Lakini alikuwa ameniuliza kwa haki, na alikuwa mkubwa wangu. Nikamweleza kwamba kuna kuvu wanaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, kuvu hao wanatoa sumu, na sumu hiyo ikiliwa miaka mingi inaharibu ini. Mhudumu aliongezea kwa Kigogo pale aliponiona nakwama. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akageuka akalitazama jiko lake, yale mafiga matatu na masizi ukutani, akasema: "Kwa hiyo ni mimi niliyempikia."

Hakuuliza. Alisema.

Nilimaliza mahojiano, nikashukuru, nikaondoka na fomu iliyojaa. Tangu siku hiyo, kila mtu anaponiuliza kazi yangu ni nini, sauti ya yule mama ndiyo inanijia kwanza.

Kazi yangu ni epidemiolojia ya saratani. Natafuta ugonjwa huu unatokana na nini, na sitafuti ndani ya mwili wa mtu mmoja bali katika maisha ya wengi: wanakula nini, wanapumua nini, wanaishi wapi, nani anaugua na nani haugui. Nimezaliwa Mpwapwa, baba mwalimu wa shule ya msingi, na sikuota kazi hii. Niliota koti jeupe na kisu cha upasuaji. Nilisomea udaktari Dar es Salaam, nikarudi Dodoma mjini kufanya mafunzo ya vitendo, na huko wodini ndiko mambo yalikobadilika.

Walikuwa wanaume wa miaka 40, 45, 50. Tumbo limejaa maji, mabega yamebaki mifupa, macho ya njano kama ganda la embe bivu. Tumboni wana chale, kwa sababu walianzia kwa mganga, na mganga alikuwa ameshawatajia jirani aliyewaroga. Tunawatoa maji tumboni, wanapata nafuu siku nne, yanarudi. Nilikuwa naandika kwenye faili "saratani ya ini, hatua ya mwisho", kisha natoka nje kuwaambia ndugu kwamba wamechelewa. Neno hilo nalichukia hadi leo. Wamechelewa nini? Wamechelewa kutoka wapi? Ini haliumi mapema. Mtu anaanza kuhisi kitu upande wa kulia chini ya mbavu wakati uvimbe umeshakuwa mkubwa kama ngumi.

Usiku mmoja wa zamu, muuguzi wa siku nyingi, mama aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, aliniona naandika faili la namna hiyo akaniuliza: "Daktari, hawa umewahi kuwauliza wanatoka wapi?"

Sikuwa nimewauliza. Nilinunua daftari la kaunta nikaanza: kijiji, umri, kazi, anakunywa pombe au hanywi. Baada ya miezi kadhaa nilichora ramani kwa mkono nikaweka nukta. Moyo ulinidunda, kwa kuwa nukta zilijipanga mstari mmoja, dhahiri kabisa, kutoka mjini kuelekea mashariki. Nikadhani nimegundua jambo. Nikampelekea mwalimu wangu mmoja. Aliitazama, hakunicheka, akaniambia: "Hii ni barabara ya Morogoro."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimechora ramani ya basi. Waliofika hospitali ni wale waliokuwa karibu na lami, wenye nauli, wenye kijana wa kuwasindikiza. Walioko ndani kabisa, kule ambako pikipiki inapita kiangazi tu, walikuwa wanafia nyumbani na hawamo kwenye daftari langu. Hospitali haikuonyeshi ugonjwa ulivyo, inakuonyesha waliofika. Sijawahi kupata somo kubwa kuliko hilo darasani, na ndilo lililonifanya niache kisu. Mama yangu alisononeka. "Umesoma miaka yote hiyo ili uje kuhesabu wagonjwa?" Nilimwambia ndiyo, mama, kwa sababu hakuna aliyewahesabu.

Anayetaka kujua kwa nini mtu anaweza kupenda kuhesabu, nitamsimulia habari ya Denis Burkitt. Alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, hospitali nyingine, akaona mtoto mwingine wa namna ileile. Mwingine angesema ni bahati mbaya, akaendelea na kazi. Yeye alianza kuandika barua kwenye hospitali za Afrika nzima akiuliza: mmewahi kuona hii? Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakaenda kilomita zipatazo 16,000 kwa muda wa wiki kumi, kutoka Uganda kushuka hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakionyesha picha na kuuliza. Ramani yao ilionyesha kwamba uvimbe ule, ambao ni aina ya saratani, unapatikana kwenye joto na mvua, na unatoweka ukipanda milimani au ukienda kwenye ukavu. Ikawa ni ramani inayofanana na ile ya malaria. Mtafiti mmoja wa maabara, Anthony Epstein, alimsikia Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe ule, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kisichokuwa kimejulikana. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu mzima duniani anacho. Kinachowatofautisha watoto wa ukanda ule ni kwamba kinga yao inapigwa na malaria tena na tena.

Burkitt hakuwa na kompyuta. Alikuwa na gari, picha, na swali la yule muuguzi wangu: wanatoka wapi?

Sasa nirudi kwenye mahindi, maana ndiko nilikotumia miaka mingi.

Mwaka 2016, wakati nchi nzima inazungumzia Serikali kuhamia Dodoma, kwenye vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kuugua ugonjwa wa ghafla. Matumbo, kutapika, miguu kuvimba, macho ya njano. Wengine familia nzima. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafariki. Kulikuwa na minong'ono ya kila aina kabla haijajulikana kwamba ni sumukuvu, ile sumu ya kuvu kwenye nafaka, na ilikuwa kwenye mahindi. Jirani zetu Kenya walipitia hayo mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Ilijulikana mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwenye mashamba na ikabainika walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Mimi mtu wa Mpwapwa kila nikisoma habari hiyo naikumbuka Kongwa ya mwaka 1947, Waingereza walipokuja na matrekta kuigeuza kuwa nchi ya karanga, wakashindwa na ardhi ngumu na ukame. Ukame ule uliowashinda ndio unaomfungulia kuvu mlango mpaka leo. Watu wengi wanadhani mahindi yanaharibikia ghalani tu. Ghalani ndiyo, lakini mahindi yaliyokosa maji shambani, punje zikapasuka, wadudu wakatoboa, yanaingiwa na kuvu yakiwa bado kwenye bua. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katikati yake jua linaweza kuchoma wiki tatu mfululizo.

Mwaka wa 2016 ulikuwa wa sumu nyingi kwa mara moja. Mimi kinachoninyima usingizi ni sumu kidogo kidogo. Ile isiyotapisha. Unakula ugali wa dona mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, moto wa jiko hauivunji, ulimi hauionji, na mahindi yanaweza kuonekana mazuri tu kwa macho. Ini linaipokea na kujaribu kuivunja ili litoe nje, na katika kuivunja huko linatengeneza kitu kikali zaidi ambacho kinajibandika kwenye vinasaba. Mwaka 1991 wanasayansi waliochunguza saratani za ini kutoka kusini mwa Afrika na China walikuta jeni moja ya ulinzi, iitwayo p53, imeharibika katika nyingi kati ya hizo, na imeharibika mahali palepale, kituo cha 249. Kama vile mwizi yuleyule amevunja dirisha lilelile katika nyumba nyingi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama, nikatoka nje, nikatembea. Ni nadra sana katika fani yetu kupata kitu kinachofanana hivyo na alama ya kidole.

Lakini mwenyekiti wa kitongoji hana haja na p53. Kwenye kila mkutano wa kijiji nilioitisha, alisimama mzee akaniambia kwa maneno haya au mengine: "Daktari, tumekula mahindi haya tangu babu zetu. Jirani yangu amekula yaleyale. Mbona yeye mzima?" Makofi. Na wana haki ya kupiga makofi, hilo ndilo swali la epidemiolojia lenyewe, na aliyelijibu vizuri si mimi.

Lilijibiwa Shanghai. Watafiti waliwaandikisha wanaume zaidi ya 18,000 kuanzia mwaka 1986, wakachukua mkojo na damu wakiwa bado wazima, wakahifadhi, wakasubiri. Baadhi wakaja kuugua saratani ya ini. Wakarudi kwenye friji wakatoa sampuli za waliougua na za wenzao wasiougua, wakapima. Mwenye dalili za aflatoksini kwenye mkojo peke yake, uwezekano wake wa kuugua ulikuwa kama mara tatu na nusu. Mwenye kirusi cha homa ya ini aina ya B peke yake, mara saba. Mwenye vyote viwili, mara takriban sitini. Hawajumlishwi hawa wawili, wakikutana wanapita hata kuzidishana.

Basi jirani amekula mahindi yaleyale, lakini labda hana kirusi. Au anacho, lakini mahindi yake yalitoka kwenye gunia jingine. Nikieleza hivyo mkutanoni, kimya kinaingia, na mara nyingi ni akina mama wanaouliza linalofuata: kirusi hicho kinapatikana vipi? Nawaambia kinatoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua, kwa damu, kwa wembe wa kuchangia, kwa kujamiiana. Watoto wetu wanachanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002, imo kwenye zile sindano za kliniki, na wanapotoa kadi za watoto wao kwenye khanga kuangalia, naona sababu ya kuamka asubuhi. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani mimi na wengi wanaosoma hapa, hatukuipata utotoni. Kipimo cha damu kipo. Kapime.

Sehemu ngumu ya kazi, ambayo watu hawaioni, ni muda. Huugui saratani leo kwa ulichokula jana. Inachukua miaka 20, 30, 40. Kwa hiyo unakaa mbele ya mzee wa miaka 65 na unataka kujua alikula nini akiwa kijana wa 25. Vipimo vya damu vinakuonyesha sumu ya miezi miwili mitatu iliyopita tu. Ya zaidi ya hapo iko kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu ina namna zake.

Kwanza, umri wenyewe. Wazee wengi wa Ugogo hawana cheti cha kuzaliwa. Tunatumia kalenda ya matukio, karatasi ninayoipenda kuliko vifaa vyangu vyote. "Operesheni Dodoma, mwaka 1971, mlipohamishiwa kwenye vijiji, ulikuwa umeshaolewa?" "Vita vya Kagera, huyu mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea?" "Zile mvua za El Niño?" "Mwalimu alipofariki?" Na kila njaa ina jina. Ile kubwa, Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, walioiona wameshatutoka, lakini bado unaweza kuambiwa "baba alizaliwa Mtunya", na hapo unajua umri wa baba, unapata umri wa mwana. Nimejifunza historia ya kwetu kwa kutafuta umri wa wagonjwa.

Kisha kuna tatizo la maumivu. Aliyeugua, au aliyefiwa, amekaa usiku mwingi akijiuliza. Amepekua maisha yake yote. Ukimuuliza kama waliwahi kula mahindi yenye ukungu, anakumbuka gunia moja la miaka kumi na tano iliyopita, rangi yake, harufu yake, nani alilinunua. Jirani yake mzima, ambaye naye lazima nimuulize ili nilinganishe, anasema hakumbuki. Siyo kwamba hakula. Hana sababu ya kukumbuka. Ukiyachukua majibu hayo kama yalivyo, utatangaza kwamba ukungu unaua hata kama hauui. Ndiyo maana watu wa Shanghai walichukua mkojo kabla ya ugonjwa, wakasubiri. Ndiyo maana pia ninavumilia maneno kwamba tunachelewesha majibu.

Tena kuna kumbukumbu za karatasi. Nimetembelea vituo vingi, nimefungua vitabu vya MTUHA, zile rejista za taarifa za wagonjwa vituoni, hadi vidole vikawa vyeusi, nikakuta wanaovijaza kwa mwandiko safi na uangalifu wa ajabu, mtu mmoja kwenye zahanati yenye foleni ya watu mia. Na kuna hospitali moja nilifunguliwa stoo nikakuta rejista za miaka sita zimeliwa na mchwa. Makasha yalikuwa mazima kwa nje. Nikainua, kikabaki kifuniko na udongo. Nililia, sioni haya kusema. Wale walikuwa watu. Kila mstari ulikuwa mtu aliyekuja kutoka mbali akasema jina lake.

Kitaifa, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wa saratani takriban 40,000 kwa Tanzania, na inayoongoza ni ya mlango wa kizazi. Hiyo nayo ni ya kirusi, HPV, na sababu yake inajulikana kiasi kwamba tangu mwaka 2018 wasichana wanachanjwa nchi nzima. Sitaeleza sana hapa, ila nisiipite kimya: kila mwanamke anayesoma hapa aende akachunguzwe, hata kama hajisikii chochote. Hasa kama hajisikii chochote.

Huko mtaani maswali ninayoulizwa ni mengine. Mnara wa simu. Nailoni za kufunikia wali. Wakulima wa mpunga wa Bahi wananiuliza urani, kwa kuwa walishaona watafiti wa madini wakichoronga kwao, na nawajibu kwamba swali lao ni la haki kabisa na dawa yake ni kupima maji ya visima na kuwaonyesha karatasi ya majibu, si kuwaambia watulie. Lakini kuna orodha zinazozunguka kwenye simu, "vitu 10 vinavyosababisha kansa", zimechanganya nyama ya kopo, sigara, na kikaango, na wengi wanadai zimetoka kwenye Shirika la Afya Duniani. Kuna taasisi ya kweli, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo tangu miaka ya 1970 limekuwa likipanga vitu kwenye makundi. Kundi la kwanza ni vile ambavyo ushahidi umetosha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo. Aflatoksini imo. Kichocho cha mkojo kimo. Tangu mwaka 2015 nyama za kusindikwa zimo. Lakini kundi linakuambia uthabiti wa ushahidi, halikuambii ukubwa wa hatari. Simba na mbwa wote wanang'ata, hilo lina uhakika uleule. Kung'atwa si kumoja.

Chai, kwa mfano. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, tangu Ethiopia kushuka hadi rasi ya kusini, una saratani nyingi ya umio, lile bomba la kumezea chakula, na wanaougua ni pamoja na vijana wa miaka 30. Mwaka 2016 Lyon walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Huko Kilimanjaro watafiti walikwenda na vipimajoto nyumbani kwa watu, wakasubiri mtu apige funda la kwanza, wakapima: wastani ulizidi nyuzi 70. Nikiwaeleza shangazi zangu wananiambia chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa. Mimi siku hizi nasubiri dakika tano. Nimeona watu wawili wasioweza kumeza mate yao wenyewe, na dakika tano si kitu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, na hapa ndipo nilipotofautiana na baadhi ya wenzangu. Sisi watafiti tukishapata sababu, tunairudisha kwa mtu kama ushauri. Kausha kwenye turubai, usikaushe chini. Yashuke unyevu chini ya asilimia 13 na nusu. Chambua, toa zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Tumia mifuko isiyopitisha hewa. Koboa. Yote ni kweli na yote yanasaidia, nimeyafundisha mwenyewe na nitayafundisha tena. Lakini nimewahi kusimama mbele ya kaya yenye debe mbili zilizobaki mwezi Januari, mvua imekatika, na kwenye mkono wangu kuna karatasi inayosema "tupa punje zilizoharibika". Mwenye kihenge kilichojaa anachambua. Mwenye debe mbili anachambua nini? Na zile zilizotupwa na mwenye nacho haziendi shimoni. Zinauzwa bei ya chini, zinaingia kwenye pombe, zinalishwa mifugo, au zinanunuliwa na maskini zaidi. Mpaka wa kisheria katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na soko linaweza kupima, lakini mahindi ambayo mkulima anakula mwenyewe hayapiti sokoni. Hayapimwi na mtu. Tukimwachia mama mwenye jiko mzigo wote wa kinga, siku mtu akifa na lawama tunamwachia yeye.

Nilirudi kwa yule mama. Utafiti ulikuwa umekwisha, sikuwa na kibali cha kuuliza chochote, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuhani akiwa amechelewa. Nilishuka Kibaigwa, sokoni malori yamepanga foleni kupakia mahindi, nikachukua bodaboda. Nilibeba sukari na sabuni. "Mbukwenyi," nikasalimia langoni, akacheka matamshi yangu, akaniita nipite. Nikamwamkia shikamoo kwa Kiswahili vilevile.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Kwamba mimi siwezi kujua kilichomuua mzee. Sayansi yangu inaweza kusema kwamba wakiwepo watu mia wa namna fulani, wangapi wataugua na wangapi wangepona kama jambo fulani lisingekuwepo. Haiwezi kumnyooshea kidole mmoja ikasema, wewe ni kwa gunia hili. Kwamba yeye alikula chungu kimoja na mumewe miaka arobaini, mbona yuko mzima? Kwamba huenda mzee alizaliwa na kirusi, akakipata kwa mama yake aliyempenda, ambaye naye hakujua. Kwamba jua liliyapasua mahindi kabla yeye hajayagusa. Nilisema kwa kirefu, na safari hii hakukuwa na mhudumu wa kuniongezea.

Alinyamaza muda. "Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Umenitoa mbali. Ila usiku bado nafikiria."

Sikubishana naye. Alikuwa na ungo mapajani, mahindi ya msimu huo, nami nikavuta kigoda nikaanza kuchambua pamoja naye. Mjukuu wa miaka mitano hivi alikuja akachuchumaa kati yetu. Tulitenga zilizotobolewa, zilizosinyaa, na zile zenye vumbi la kijani. Kile kirundo kidogo kikakua. Kuku walisogea. Mama akakichota kwa viganja, akanyanyua mkono kuwarushia, akaushusha.

"Na kuku?"

"Na kuku wasile, mama. Wanaugua ini vilevile."

Akakitia kwenye kikopo. Akamtuma mtoto alete jembe.